Sauti Ipo, Picha Hakuna

Jumatatu. Mawingu yamekaa juu ya Wheaton, huku Marekani, tangu asubuhi, mvua hainyeshi na jua halitoki. Nimewasha taa ya jikoni mapema, nisije nikaonekana kama mtu aliyeamua kukaa gizani.

Mama amelala. Amerudi mchana kutoka kwenye mashine ya kusafisha damu, amechoka kama kawaida, amekataa uji, amejifunika khanga juu ya blanketi na usingizi ukamchukua hapo hapo. Nataka niliandike hili kabla sijaanza kulalamika: leo mama amekwenda kwenye mashine.

Ijumaa hakwenda.

Nieleze vizuri, maana wapo wanaosoma hapa ambao hawajui kwamba tumefiwa. Mdogo wangu Gwakisa amefariki. Alikuwa nyumbani Tukuyu na mke wake na watoto wake wawili. Tumbo lilimshika ghafla, wakamkimbiza hospitali, hakurudi. Simu niliipokea mimi, nikiwa kazini Takoma Park, kwenye nyumba ya wazee ninayowahudumia. Nilikuwa namvisha bibi mmoja soksi. Nilimaliza kumvisha kwanza, zote mbili, nikanyoosha na mikunjo, ndipo nikatoka nje kulia.

Mama alikuja Marekani kunitembelea tu. Figo zikashindwa kufanya kazi akiwa hapa, na tangu hapo kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa gari linakuja kumchukua. Gwakisa alipofariki nilimuuliza daktari kama mama anaweza kusafiri akamzike mwanawe. Daktari alisema hapana, kwa upole, akaeleza habari za ndege, na saa za angani, na umbali wa kutoka kwetu milimani hadi kwenye mashine ya karibu. Mama hakumtazama daktari. Alinitazama mimi, akaniuliza kwa Kinyakyusa kama nimemtafsiria sawasawa.

Nilikuwa nimemtafsiria sawasawa.

Na mimi sikwenda, kwa sababu nani angebaki naye.

Siku ya mazishi tulijaribu kufuatilia kwa simu. Binamu yetu alikuwa ameishika ya kwake juu ili tuone, lakini mvua ya Tukuyu mnaijua, na mtandao wa kule mnaujua. Tuliona miavuli, tukaona tope, tukaona mgongo wa mtu aliyevaa koti. Kisha picha ikaganda kwenye mwavuli mwekundu na haikuondoka hapo tena. Baadaye tulitumiwa picha za jeneza. Za uso hakuna. Ndugu zangu hawakutaka kumwinulia marehemu simu, na mimi nawaheshimu kwa hilo. Ila alikuwepo mpiga video wa kukodiwa, kijana anaitwa Meshaki, na yeye ndiye aliyerekodi watu wakipita kumuaga. Mama mdogo Subilaga, mdogo wake mama, akatuambia tusubiri diski. Kila kitu kimo, alisema.

Mama akasubiri diski.

"Jeneza ni mbao," alikuwa akiniambia huku akimenya karoti. "Hata lingekuwa tupu mimi ningejuaje? Nataka uso."

Hakuwa anatania. Alikuwa bado anamzungumzia kama mtu aliye hai. Gwakisa hapendi chai ya baridi. Gwakisa atapalilia ile migomba ya chini mvua zikipungua. Nilikuwa namwacha aseme. Kazini tumefundishwa tusibishane na wazee kuhusu walio hai na waliokufa. Ila mama si mzee wangu wa kazini, na akili yake haina kasoro. Alikuwa amekataa tu.

Diski ilikuja Jumanne iliyopita. Aliileta dada mmoja wa Mbeya aliyekuwa likizo, tukakutana nje ya stesheni ya treni ya Takoma, akanikabidhi ikiwa ndani ya khanga pamoja na pakiti ya majani ya chai. Juu yake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nzito: Safari ya Mwisho ya Gwakisa.

Chini ya TV yetu kuna deki niliyonunua kwenye duka la vitu vilivyotumika. Mama huitumia kuangalia filamu za maktaba asizozielewa, na haijawahi kumsumbua. Niliporudi nikakuta tayari amevaa gauni lake jeusi, amejifunga khanga kiunoni, amevua viatu. Alikuwa amekwenda msibani. Nikaingiza diski.

Picha ikaja haina rangi, imepinda, na inapanda. Sijui nieleze vipi. Inapanda juu bila kusimama, ikifika juu inaanza tena chini, na katikati yake kuna kichwa cha mtu kimekatwa nusu, kinapita, kinapita, kinapita.

"Huyo ni nani?" mama akauliza.

"Sijui, mama. Picha haisimami."

"Isimamishe."

Nikabonyeza kila kitufe kilichokuwepo. Mwisho TV yenyewe ikachoka, ikaandika kwamba haiukubali mfumo huo, ikawa nyeusi.

Kumbe kuna mfumo. Nilikuwa sijui. Mtu anaweza kuishi miaka yote hii akiingiza diski na kutoa diski asijue kwamba video ya kwetu inarekodiwa kwa mfumo mmoja, wanauita PAL, na Marekani wao wana wao, NTSC, na hesabu zake hazilingani. Deki nyingi za kwetu nyumbani zinacheza zote mbili bila kuuliza, hata zile za bei ya kutupa. Hii ya kwangu hapa inacheza za hapa tu. Nilimweleza mama hivyo. Akafikiri kidogo, akasema, "Kwa hiyo hata diski inahitaji viza."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Laptop yangu haina mahali pa kuingiza diski, siku hizi hazitengenezwi napo. Jumatano na Alhamisi niliuliza kazini, kila mtu akaniambia alikuwa na kifaa kama hicho zamani, akakitupa. Nilikuwa nimepanga kutafuta taratibu. Nilidhani nina muda.

Ijumaa asubuhi gari likaja, dereva akapiga honi, nikatoka na mkoba wa mama na sweta yake. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti mbele ya TV iliyozimwa, na lile gauni jeusi.

"Mwambie aende," akasema.

"Mama, dereva anasubiri."

"Na mimi nasubiri. Nikishamwona mwanangu nitakwenda."

Nilibembeleza. Nilipiga magoti. Hii ndiyo kazi inayonilisha mimi, kuwabembeleza watu wasiotaka dawa, wasiotaka kuoga, wasiotaka kula, na nasifiwa kwamba naiweza. Gari likaondoka tupu. Kituo cha mashine kikapiga simu, wakatupa nafasi ya Jumamosi. Jumamosi pia akakataa. Miguu yake ilikuwa imeanza kujaa. Nilimbonyeza kwa kidole gumba juu ya kifundo, nikaondoa kidole, na shimo likabaki pale pale likinitazama. Alikuwa akilala kwa mito mitatu ili apate pumzi.

Nilimwambia maneno ambayo binti hapaswi kumwambia mama yake. Nilimwambia utakufa. Akajibu kwamba anajua, si mtoto.

Hapo ndipo nilipopanda ghorofa ya juu kwa Mama Kui. Ni Mkenya wa Nyeri, muuguzi, tunafahamiana kwa kusalimiana kwenye ngazi na kwa kuazimana chumvi. Sikuwa nimemwambia habari za diski kwa sababu niliona aibu kumsumbua mtu kwa kitu kidogo kama hicho. Nilipomwambia kuhusu mashine aliyoikataa mama, akasimama kabla sijamaliza.

"Na ukakaa hii wiki yote bila kuniambia? Ngoja."

Akashuka na laptop nene ya zamani, nzito kama biblia ya mimbarini, ina mlango wa diski ubavuni. "Hii ni mzee," akasema, "lakini kompyuta haijali mambo ya PAL. Inacheza zote."

Akamsalimia mama kwa mikono miwili, akampa pole, akakaa naye kwanza kabla ya kugusa chochote. Kisha akaingiza diski.

Rangi zikaja. Kwanza maua, njiwa wawili, kinanda, na picha ya Gwakisa ya siku ya harusi yake. Mama akagusa kioo. Halafu nyumbani: moshi wa jikoni, turubai la bluu, wanawake wamekaa chini kwenye mikeka, migomba inadondosha maji nyuma yao. Mama akaanza kuwataja mmoja mmoja. Yule kakonda. Yule naye kaja, na miguu yake ile? Nilikaa kwenye zulia karibu na magoti yake. Niliwaza, tumepona. Tutaangalia, tutalia, na kesho nitapiga simu kituoni.

Wakaanza kupita kuaga. Mstari mrefu. Akafika mama mdogo Subilaga, ameshikwa pande mbili. Mkono wa mtu ukanyooshwa kufunua kile kitambaa cheupe.

Ikaganda.

Laptop ikatoa sauti kama ya kijiko kinachokwangua sufuria. Tukasubiri. Ikarukia makaburini, udongo tayari umeshajaa, mchungaji anafunga kitabu. Tukairudisha nyuma. Ikaganda pale pale, mkono uko hewani juu ya kitambaa. Tukaitoa, Mama Kui akaifuta kwa kitambaa cha miwani kutoka katikati kwenda nje, tukaiweka tena. Pale pale.

"Hii si maneno ya mashine sasa," Mama Kui akaniambia polepole. "Ni kama ilichomwa vibaya wakati wa kurekodi. Ni diski yenyewe."

Mama alikuwa bado anautazama ule mkono.

"Wamemficha," akasema.

Nilimpigia Meshaki. Alikuwa na adabu, alinipa pole tena kama siku ya kwanza. Akaniambia kadi za kamera walishazifuta, walikuwa na kazi nyingine wikendi iliyofuata, lakini faili la mwisho lipo kwenye kompyuta yake na atalituma lote kwa mtandao. "Usijali, dada Atu," akasema. "Hilo halina mambo ya diski. Litakubali tu."

Lilifika jana, Jumapili, tulipotoka kanisani. Mimi nilitoka kanisani, mama hakuweza kwenda, Mama Kui alibaki naye. Nililiweka kwenye flash nikaichomeka kwenye TV: TV ikasema aina hii ya faili haiijui. Nikajaribu kwenye simu: simu ikaonyesha alama ya swali. Nikajaribu kwenye laptop yangu: ikanitaka nilipie kitu nisichokielewa. Nilikuwa nimeanza kulia kwa hasira, siyo kwa msiba. Mama Kui akanisogeza pembeni, akapakua ile programu ya bure ambayo watu wanasema inakula kila kitu, akafungua.

Ikafunguka. Maua, njiwa, turubai, mikeka. Mstari. Mama mdogo. Mkono.

Kijani.

Kioo kizima kikawa kijani, na vipande vidogo vya mraba vya kijivu vinatembea ndani yake, mara unaona kama ukingo wa sikio la mtu, mara hakuna. Lakini sauti haikukatika hata kidogo. Sauti ilikuwa safi.

Nikampigia tena Meshaki, nikamwomba alifungue la kwake, lile lililoko kwenye kompyuta yake, aangalie mahali hapo. Nilimsikia akibonyeza.

"Hata kwangu ni kijani, dada," akasema. "Nisamehe. Sikuwahi kulitazama mpaka huku."

Basi. Wiki nzima nilikuwa nimejipanga kwa mambo ya mifumo, niazime kifaa, ninunue waya, nibadilishe faili liwe la namna nyingine. Kitu ambacho hakikubaliani na mashine hii hukubaliana na nyingine, hilo nilikuwa nimeshajifunza. Sikuwa nimejiandaa kwa kitu ambacho hakipo mahali popote.

Nikamwambia mama ukweli. Nilimwambia picha imekufa, na hakuna aliyemficha mtu.

"Sauti ipo?" akauliza.

"Sauti ipo."

"Basi zima hiyo rangi nisikie."

Mama Kui akaigeuza laptop itazame ukuta. Tukakaa sisi watatu tukisikiliza mgongo wa kompyuta. Mvua juu ya turubai. Miguu kwenye tope. Watu wanalia kwa mbali, mmoja anakohoa karibu. Halafu sauti ya mwanamke, imekwisha kabisa, anaongea kwa Kinyakyusa kama mtu anayemwamsha mtoto: Gwakisa, mama yako anakusalimu. Hakuweza kuja. Wamemfunga kwenye mashine huko aliko. Usimkasirikie.

"Huyo ni Subi," mama akasema. Kisha, "Nipe simu."

Nikampigia mama mdogo, nikaweka sauti ya nje.

"Subi. Ulimwona?"

"Nilimwona, dada."

"Siulizi watu. Nauliza wewe, kwa macho yako."

"Kwa macho yangu."

"Alikuwaje?"

Niliwaza atasema alikuwa amependeza, kama watu wanavyosema. Lakini mama mdogo ni mdogo wake mama kwelikweli.

"Walimnyoa vibaya," akasema. "Waliacha ndevu hapa chini ya kidevu. Walimvisha shati la bluu, lile alilonunua mkewe. Na mdomo ulikuwa wazi kidogo, dada. Nilijaribu kuufunga, ukakataa."

Mama akaweka kiganja juu ya midomo yake mwenyewe.

"Alikuwa analala hivyo," akasema. "Tangu mdogo. Alikuwa analala mdomo wazi, nami nilikuwa naogopa nzi."

Alikuwa. Nililisikia neno hilo, na Mama Kui naye nadhani alilielewa, kwa sababu aliinamisha kichwa. Halafu mama akalia. Hakuwa amelia tangu siku ya simu ile. Alilia kwa sauti ya kwetu, ile ambayo kwenye majengo haya watu huweza kugonga ukuta, na hakuna aliyegonga.

Leo asubuhi amevaa sweta, ameacha gauni jeusi kitandani, na honi ilipolia alikuwa ameshashika mkoba.

Sitaki kusema mambo yamekuwa mazuri. Muuguzi wa kituo amenipigia kuniambia maji mwilini ni mengi mno, hawakuweza kuyatoa yote kwa siku moja, moyo umechoshwa, kesho wanamtaka tena. Hajui kama kuna kilichoharibika. Na mimi sijui. Pumzi yake naisikia kutoka hapa jikoni, bado ni fupi.

Kabla hajalala ameniambia, "Atu, usihangaike tena na ile diski. Iweke kabatini." Nimeiweka.

Lakini alipokuwa kwenye mashine nilikaa na faili. Nilipakua programu ya kurekebisha faili zilizoumia, nikapakua na nyingine, nikaligeuza kuwa namna hii na namna ile. Mwishowe nimefaulu. Sasa linacheza kwenye TV. Linacheza kwenye simu. Linacheza hata kwenye laptop yangu isiyotaka kitu. Linacheza kijani kwenye kila kitu.

Nimeliangalia mara nyingi kuliko ninavyotaka kuandika hapa. Nasogeza kidogo kidogo, nasimamisha, nakodoa macho kwenye vile vipande vya kijivu nikitafuta shavu.

Wiki nzima nilikuwa nawaambia watu, mama anataka kumwona mwanawe. Kazini nilisema hivyo, kwa Meshaki hivyo, kwa Mama Kui hivyo. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikujiuliza. Mama amesimuliwa na mdogo wake, na kwa namna anayoijua yeye, amemwona. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale kwenye zulia, nikasikia maneno yale yale, ndevu na shati na mdomo, na sikuona kitu. Bado namsikia Gwakisa akiniuliza nitakuja lini.

Labda nimpigie mama mdogo mwenyewe, nimwombe anisimulie na mimi, peke yangu, tangu mwanzo. Au nilifute faili. Au nijaribu programu moja zaidi, ipo nyingine nimeiona, wanaisifia.

Kutakucha, na kukikucha nitamvalisha mama sweta tena. Leo bado sijamwona mdogo wangu.